Kwa anayetaka kusoma uzamivu wa mkakati wa biashara ili awe mhadhiri

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara, kwamba umefanya kazi benki jijini Dar es Salaam kwa muda mrefu, na kwamba sasa unataka kusoma uzamivu wa mkakati ili uhamie kwenye uhadhiri. Umeuliza uanzie wapi na kama uzoefu wako utakufaa. Nimepita njia hiyo na sasa ninafundisha na kusimamia watafiti, kwa hiyo naomba univumilie nikijibu kwa kirefu.

Uzoefu wako utakufaa sana, ila itakubidi ubadilishe aina ya maswali unayouliza. Meneja huuliza afanye nini ili awapite washindani wake. Mtafiti wa mkakati huuliza kwa nini kampuni zilizo katika soko moja hutofautiana kwa mafanikio, na kwa nini tofauti hizo hudumu hata pale washindani wanapoziona waziwazi. Makala ya Birger Wernerfelt ya mwaka 1984 na ya Jay Barney ya mwaka 1991 yalitafuta jibu katika rasilimali za kampuni yenyewe, na mwaka 1997 David Teece, Gary Pisano na Amy Shuen wakahoji jinsi kampuni inavyoujenga upya uwezo wake mazingira yanapobadilika. Yasome makala hayo yenyewe kabla ya kuandika pendekezo lako la utafiti, kwa sababu muhtasari wa vitabu vya kiada huacha nje mabishano, na mabishano ndiyo yatakayokuonyesha mahali penye pengo.

Chukua mfano wa huduma za pesa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nchini Kenya, Safaricom, kampuni ya simu inayoendesha M-Pesa huko, iliwaacha washindani wake mbali; Tanzania soko liligawanyika baina ya kampuni kadhaa, na kuanzia mwaka 2014 baadhi yake zikaruhusu wateja kutumiana pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, hatua ambayo Kenya iliifikia mwaka 2018. Je, tofauti hiyo ilitokana na ukubwa wa kila kampuni kabla huduma haijaanza, na mtandao wa mawakala, au na msimamo wa wadhibiti? Hapo pana utafiti wa kweli. Tasnifu nyingi ninazopitia huchagua kampuni moja, huwagawia mameneja wake dodoso, kisha hudai kwamba mkakati fulani umeongeza ufanisi. Mtu yule yule ndiye aliyepima mkakati na ndiye aliyepima ufanisi, na hakuna kampuni nyingine ya kulinganisha nayo. Hapo kinachopimwa ni maoni ya mameneja tu. Inaniuma kuona miaka ya kijana mwenye akili ikiishia hapo.

Kwa sababu hiyo, unapochagua chuo, tazama mafunzo ya mbinu za utafiti kabla ya jina la chuo. Marekani uzamivu huchukua kwa kawaida takriban miaka mitano, ya mwanzo ikiwa ya masomo ya darasani na mtihani mkubwa kabla ya tasnifu, na vyuo vingi hulipia ada na posho ya kujikimu. Kwetu zipo programu zinazokwenda moja kwa moja kwenye tasnifu. Ukijiunga na programu ya namna hiyo, tafuta masomo ya ekonometria, yaani mbinu za takwimu za kupima madai ya kiuchumi kwa data, kwa nguvu zako mwenyewe. Msimamizi naye mchunguze kwa kusoma alichochapisha karibuni, na uwaulize wanafunzi wake jinsi anavyosoma rasimu zao.

Kuhusu uhadhiri, usisubiri uhitimu ndipo ujiandae. Omba kuendesha semina za wanafunzi wa shahada ya kwanza, na sura moja ya tasnifu uiandike tangu mwanzo kama makala ya jarida, kwa kuwa tathmini ya wahakiki huweza kuchukua miezi mingi na makala mengi hukataliwa. Yaepuke majarida yanayochapisha kila kitu kwa malipo ndani ya siku chache. Mikutano ya Africa Academy of Management, chama cha watafiti wa usimamizi barani Afrika, inayofanyika kila baada ya miaka miwili, ni mahali pazuri pa kuwasilisha kazi isiyokamilika na kukutana na watakaokuwa wenzako kitaaluma.

Mwisho, kwa kuwa bado uko benki: mabenki ya Tanzania hutakiwa kuchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka. Anza sasa kuzikusanya za mabenki yote, kwa miaka mingi kadiri utakavyozipata. Data za ndani za mwajiri wako usizitumie bila kibali cha maandishi, na kibali hicho ni rahisi zaidi kukiomba ukiwa bado mfanyakazi.