Ukuta wa meko sebuleni: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yanahusu ukuta mmoja tu wa nyumba, ule wenye meko. Kabla hujasoma majibu, amua kwanza: moto utawashwa humo, au meko yamebaki kuwa pambo? Meko yanayowaka na meko yaliyozimwa kabisa yanataka ukuta tofauti, hata kama kwa macho yanafanana. Makosa mengi ya mapambo hapa hutokana na kuliruka swali hilo.

Nataka rafu ya gogo juu ya meko yetu ya matofali. Tunawasha kuni karibu kila jioni ya baridi. Niifunge juu kiasi gani?

Pima kutoka ukingo wa juu wa mdomo wa meko, usipime kutoka sakafuni. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazotumika sana Marekani, IRC, zinatoa mwongozo unaofaa popote kwa meko ya matofali: kitu chochote kinachoweza kuungua kisikae ndani ya milimita 150 kutoka mdomoni. Kuanzia hapo hadi milimita 305 juu ya mdomo, mbao inaruhusiwa kuchomoza kwa thumni tu ya umbali wake. Kwa mfano, mbao iliyo milimita 240 juu ya mdomo haipaswi kuchomoza zaidi ya milimita 30. Hiyo ni fremu nyembamba, wala huwezi kuiita rafu. Gogo lenye upana wa sentimita 15 au 20 ni lazima lipande kupita milimita 305, na kwa moto wa kila jioni sisi tungelipeleka sentimita 40 au zaidi. Nguzo za mbao za ubavuni zikichomoza zaidi ya milimita 38, ziongezee umbali unaolingana na mchomozo wake. Ikiwa ndani ya meko pamewekwa jiko la chuma au la gesi, fuata vipimo vya kitabu cha jiko hilo. Na kanuni za mahali ulipo zikiwa kali zaidi, hizo ndizo za kufuata.

Umbali huu una sababu yake. Mbao inayopashwa joto mwaka baada ya mwaka hugeuka polepole ikaelekea kuwa mkaa, na hufika mahali ikashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukiona vanishi inababuka upande wa chini au mbao inapasuka kufuata nyuzi zake, rafu iko chini mno.

Kuhusu kuifunga: gogo la mbao ngumu lenye urefu wa mita 1.5, upana wa milimita 150 na unene wa 100 lina uzito wa kilo 16 hivi kabla hujaweka chochote juu yake. Tumia vyuma vitatu vya milimita 12 vilivyokaziwa kwa gundi ya nanga, ile ya kuchomekea vyuma kwenye zege. Hatari kubwa iko kwenye kutoboa. Mbele ya njia ya moshi mara nyingi kuna tofali moja tu lenye unene wa sentimita 10. Ukilitoboa likapenya, umefungulia moshi na kaboni monoksidi njia ya kuingia sebuleni. Toboa pembeni mwa njia ya moshi. Ukilazimika kutoboa katikati, usizidi sentimita 7, na kwa sababu chuma kifupi hakishiki sana, gogo zito lisitegemee vyuma vya katikati peke yake.

Je, televisheni inaweza kukaa juu ya meko?

Wakati mwingine inaweza, ila pima joto kabla ya kununua kishikio. Bandika kipimajoto ukutani kwa tepu, mahali hasa televisheni itakapokaa. Washa moto wa kawaida kwa saa 2, kisha soma. Televisheni nyingi zimeandikiwa kikomo cha nyuzi 40 za Selsiasi kwa hewa inayozizunguka, nazo zenyewe hutoa joto. Kwa hiyo ukuta ukifika nyuzi 35, tafuta mahali pengine. Rafu ya sentimita 15 hadi 20 chini yake husaidia kwa kusukuma hewa ya moto mbele, mbali na ukuta.

Ukiokoa televisheni, bado kuna shingo. Macho ya mtu aliyeketi kwenye sofa huwa kati ya mita 1 na 1.1 kutoka sakafuni. Tuseme rafu iko mita 1.35. Televisheni ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 hivi, na ukiacha sentimita 10 juu ya rafu, katikati yake inafika karibu mita 1.79. Ukiketi umbali wa mita 3, unainua macho kwa nyuzi 14 hivi, na hapo panavumilika. Ukiketi mita 2, zinapita 20, na filamu haiishi kabla shingo haijakaza. Katika sebule ndogo tunashauri waziwazi: weka televisheni kwenye nafasi ya pembeni mwa meko, ukuta wa juu ubaki na picha. Na nyaya zisipitishwe ndani ya dohani kwa hali yoyote, hata dohani isiyotumika.

Matofali ya meko yamejaa masizi. Nataka yawe meupe. Rangi au chokaa?

Dondoshea tofali matone ya maji. Yakinywewa mara moja, unaweza kuchagua chochote. Yakibaki juu kama umande, tofali lilishapakwa dawa ya kuziba au rangi, na chokaa haitashika.

Tungechagua chokaa kwa matofali yasiyowahi kupakwa kitu, kwa sababu inaliacha tofali lipumue na haibanduki vipande vipande. Izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, lowanisha tofali kwanza, kisha paka mikono mitatu hadi mitano myembamba, kila mmoja ukauke siku nzima. Ikiwa mbichi huonekana kama haipo, weupe hutokea inapokauka, kwa hiyo usiongeze unene kwa haraka. Vaa miwani na glavu, maana chokaa huunguza macho.

Ukichagua rangi, ujue hakuna kurudi nyuma: kuitoa kwenye vinyweleo vya tofali ni kazi ya wiki, na mara nyingi haitoki yote. Usafi ndio nusu ya kazi. Anza kwa brashi kavu na mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu ukitangulia na maji masizi yanageuka wino na kuzama ndani. Kisha sugua kwa maji ya moto lita 4 yaliyochanganywa na nusu kikombe cha magadi ya kufulia, suuza mara mbili, acha siku 2 pakauke. Mkono wa kwanza uwe praima ya kuzuia madoa. Ukiiruka, masizi yatapenya rangi ya maji na kuleta manjano ndani ya miezi michache. Malizia kwa mikono miwili ya rangi ya maji ya akriliki, kwa rola yenye manyoya ya milimita 18 au 20 ili ifike kwenye maungio. Lita moja inayotosha mita za mraba 10 kwenye ukuta laini hapa itamaliza 6 hadi 8. Kama kati ya matofali kuna saruji mpya, subiri siku 28 kabla ya kupaka.

Tumbo la meko, mahali moto unapokaa, lisiguswe na rangi hii. Huko hupakwa rangi ya joto kali tu, ile iliyoandikwa kuhimili nyuzi 600 na zaidi, na moto wa kwanza uwashwe madirisha yakiwa wazi.

Juu ya meko kuna doa la kahawia. Nimepaka rangi mara tatu, linarudi. Shida ni nini?

Rangi haina kosa hapa. Kuna visababishi vitatu, na kila kimoja kina dalili yake. Doa likikolea baada ya mvua na kuanzia karibu na dari, maji yanaingia pale dohani inapokutana na paa. Mwite fundi wa paa kwanza. Doa la rangi ya chai lenye harufu ya moshi ni lami ya moshi inayopenya kutoka ndani. Ikiwa meko bado yanatumika, usiwashe tena mpaka dohani ikaguliwe na kusafishwa, kwani huenda ina ufa.

La tatu ndilo linalochanganya watu wengi: doa linalokua siku za unyevunyevu na kufifia hewa ikiwa kavu, bila mvua kuhusika. Hizo ni chumvi. Moto wa miaka mingi huacha chumvi ndani ya matofali, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa. Hakuna rangi inayozizuia kwa muda mrefu. Bandua plasta mpaka kwenye tofali, ukipita ukingo wa doa kwa sentimita 30, piga brashi kavu, kisha piga plasta ya chokaa. Plasta ya jipsamu isirudishwe hapo, kwa sababu inanyonya chumvi kama pamba. Angalia pia kama dohani ilizibwa juu na chini bila tundu la hewa. Inahitaji kofia yenye matundu juu na kitundu chenye wavu chini, ama sivyo mvuke utajikusanya ndani na kuzisukuma chumvi nje tena.

Nataka vigae ukuta mzima kuzunguka meko. Ninunue vingapi, na gundi gani?

Tuchukue ukuta wa mita 1.6 kwa 2.4, wenye mdomo wa mita 0.8 kwa 0.6. Eneo lote ni mita za mraba 3.84, toa mdomo 0.48, inabaki 3.36. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa karibu 3.7. Kigae cha sentimita 30 kwa 60 ni mita ya mraba 0.18, kwa hiyo unahitaji vigae 21. Gundi ya mwiko wa meno ya milimita 10 hula kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mfuko wa kilo 20 unatosha.

Gundi iwe ya saruji, ya unga wa kukoroga na maji, yenye alama C2 na S1 kwenye mfuko. C2 maana yake inashika kwa nguvu kuliko ya kawaida, na S1 maana yake inanyumbuka kidogo ukuta unapotanuka na kusinyaa. Usitumie gundi ya ndooni iliyokwisha kuchanganywa: joto huilainisha, na vigae vya juu ya mdomo ndivyo vinavyoanza kuteleza. Chini yake pawe tofali, plasta ya saruji au bodi ya saruji, kamwe pasiwe plaiwudi.

Anza na safu ya juu ya mdomo. Funga kipande cha mbao kilichonyooka kwa pimamaji kwenye ukingo wake, vigae vikae juu yake kwa saa 24, la sivyo vitashuka kabla gundi haijakaza. Vipande vilivyokatwa viende chini na pembeni, mahali macho hayaendi kwanza. Kingo zifunikwe kwa ukanda wa alumini, maana wa plastiki utajikunja. Panapokutana kigae na fremu ya chuma ya meko, acha milimita 5 na ujaze silikoni ya joto kali, usijaze grauti, ule mchanganyiko wa kujazia mianya ya vigae. Chuma kinatanuka kuliko kigae, na grauti hapo hupasuka katika moto wa kwanza mkubwa. Acha wiki moja bila moto, kisha anza na moto mdogo.

Usisahau sakafu. Kwa mdomo wa ukubwa huu, kanuni tuliyoitaja hapo juu inataka jiwe au vigae vitoke angalau milimita 406 mbele na 203 kila upande, kwa ajili ya cheche. Mdomo ukifika mita ya mraba 0.56, vipimo hivyo vinakuwa 508 na 305.

Kioo cha juu ya rafu kiwe na ukubwa gani?

Theluthi mbili ya urefu wa rafu, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya rafu. Kata gazeti kwa kipimo hicho, libandike, kaa kwenye sofa uangalie. Kioo kilichoning'inizwa juu sana huonyesha dari tupu, kwa hiyo fikiria kwanza kitaakisi nini. Dirisha la upande wa pili ndilo jambo zuri zaidi kukiachia.

Nyumba yetu haina dohani. Tunaweza kujenga ukuta wenye meko ya umeme?

Ndiyo, na una uhuru mkubwa zaidi. Jenga fremu ya mbao au chuma, nguzo kila sentimita 40 au 60, funika kwa bodi za jipsamu za milimita 12.5. Nunua kifaa kabla ya kukata tundu, kwa sababu kila kimoja kina vipimo vyake na mahali pake pa kutolea hewa ya moto. Vingine huipulizia mbele, vingine juu, na hivi vya juu havitaki rafu wala televisheni karibu. Kifaa cha wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7, kwa hiyo kipe soketi yake peke yake. Waya wa kuongezea urefu hupata moto ndani ya ukuta mahali usipouona. Soketi ikae pembeni, unapoweza kuifikia bila kubomoa.

Meko yetu hayatumiki. Niweke nini tumboni?

Magogo yaliyokatwa urefu sawa na kupangwa vichwa vikitazama nje hujaza vizuri na hayachoshi. Mishumaa minene mitano au saba ya vimo tofauti, juu ya sinia la chuma, inapendeza usiku. Funga kilango cha dohani kwanza, kwani upepo wa kupanda juu huilegeza nta upande mmoja ikamwagika. Mimea halisi haiishi humo kwa kukosa mwanga. Na ukitaka kupaka tumbo rangi nyeusi, safisha masizi kabla, kwa njia ile ile ya brashi kavu kisha maji.