Mtafuteni mtu wa nje kabla hamjafukuzana

Ndugu yangu, umesema mwimbaji wa bendi yenu anataka muziki wa panki wa kelele kama wa mwanzo, mpiga gitaa anataka midundo ya dansi na nyimbo ndefu, na albamu imekwama katikati. Waangalieni The Clash, bendi ya panki ya London. Mwaka 1980 walitoa albamu ya Sandinista!, sahani tatu za santuri zenye nyimbo 36: rege, dabu, funki, hata rapu. Naipenda, ingawa sahani ya tatu huwa nairuka. Moto uliwaka kwenye albamu iliyofuata, Combat Rock. Mpiga gitaa wao, Mick Jones, alichanganya sauti, albamu ikawa ndefu mno, wenzake wakagoma. Akaitwa prodyuza wa nje, Glyn Johns, akaipunguza hadi sahani moja ya nyimbo 12. Ilitoka Mei 1982 na ikauzika kuliko zao zote.

Nanyi tafuteni sikio lisilo na upande, na mkubaliane mapema kwamba neno lake ndilo la mwisho.

Ila msifuate walichofanya baadaye. Topper Headon, mpiga ngoma aliyetunga muziki wa wimbo wao Rock the Casbah, aliondolewa mwezi huohuo kwa sababu ya heroini; hilo naelewa. Jones alitimuliwa 1983, na albamu ya 1985 bila yeye hata mashabiki wa damu huikwepa. Mwaka 1986 Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, alikuwa studio akimsaidia Jones na bendi yake mpya. Aliyefukuza ndiye aliyemfuata!

Wiki hii rekodini nyimbo mbili za mpiga gitaa vile anavyotaka mwenyewe, mzipige jukwaani, ndipo mbishane.