Ukimtafuta babu wa Ireland, shika kitongoji kwanza

Mama mkwe wangu ni mtu wa Cork. Siku moja alinipa bahasha yenye picha mbili na kadi ya msiba: "Wewe una subira, nitafutie babu wa babu yangu alitoka wapi." Nikadhani ni kazi ya wikiendi moja. Ilinila majira mawili ya baridi.

Kwanza jua kisichokuwepo, usikisumbukie bure. Jengo la nyaraka la Four Courts, Dublin, liliteketea Juni 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Sensa za 1821 hadi 1851 zikaungua karibu zote. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zimebaki za 1901 na 1911, na unazisoma bure mtandaoni.

Ila umri wa humo usiuamini. Bibi mmoja wa ukoo huo ana miaka 56 mwaka 1901. Mwaka 1911 ana 71! Nikadhani ni watu wawili. Kumbe pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, kwa waliotimiza 70, naye alizaliwa kabla ya 1864, vizazi vikiwa bado haviandikishwi serikalini. Nani angembishia?

Kosa langu lilikuwa kukimbilia jina. Kumtafuta Sullivan mjini Cork ni kama kumtafuta Juma Tanga, tena karatasi moja inasema Sullivan, nyingine O'Sullivan. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki viko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu 2015, lakini ni picha za kurasa: wino umefifia, mwandiko wa padri kama nyayo za kuku. Wiki tatu nilimsaka James. Padri alikuwa akiandika Kilatini. James wangu ni Jacobus.

Kilichonitoa ni cheti cha ndoa. Pale huandikwa makazi ya maharusi na majina ya baba zao, na makazi ya huko ni kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine mashamba machache tu. Nikakipeleka kitongoji changu kwenye Griffith's Valuation, orodha ya waliokalia ardhi iliyotolewa kati ya 1847 na 1864. Akina Sullivan watatu, wote wapangaji. Yupi wetu?

Nikarudi kwenye ubatizo, safari hii nikiwasoma wasimamizi, ambao mwanzoni niliwaruka. Mama wa ubatizo wa watoto wawili ana jina la ukoo lisilo la kawaida pale, na jina hilohilo liko kwenye orodha ya ardhi, shamba linalopakana na Sullivan wa pili. Basi, ndiye huyo tunayemshika mpaka sasa. Mama mkwe anataka karatasi yenye mhuri. Mimi nina jirani tu.