Ukihamisha folda, diski ya akiba isijae nakala

Pole sana ndugu. Ulizitoa picha folda ya Harusi ukaziweka 2023/Harusi, rsync (programu ya kunakili faili kwenda diski nyingine) ikazinakili zote upya, na sasa diski ya akiba ina kila picha mara mbili. Rsync hulinganisha mahali faili lilipo na jina lake. Haijui kwamba limehama. Kwake hilo ni jipya, na la zamani hailigusi mpaka uiambie.

Kwa sasa andika kwenye terminal:

rsync -avn --delete Picha/ /media/akiba/Picha/

Hiyo --delete hufuta kwenye akiba kisichokuwepo tena kwenye chanzo, na n ni ya majaribio, haifuti kitu. Soma kila mstari unaoanza na "deleting". Ukiridhika, iondoe n uendeshe tena. Nakuomba usiiruke hatua hii, maana ukikosea folda ya chanzo, --delete itafagia hata picha ambazo huna kwingine.

Siku nyingine, mabadiliko yaleyale yafanye kwanza kwenye diski ya akiba kwa mv (amri ya kuhamisha faili), ndipo uendeshe rsync. Na kama unapanga upya mara kwa mara, hamia Borg au restic, programu za kuweka akiba: hukata faili vipande na kuvitambua kwa yaliyomo, hivyo lililohama halili nafasi mara ya pili.