Maswali ya Wasomaji: Mercedes-Benz S350 Iliyotumika

SWALI: Nimeonyeshwa Mercedes-Benz S350 ya mwaka 2008 iliyotoka Japani, kwa bei ya kuvutia mno. Je, niinunue?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, bei hiyo isikupumbaze, kwa kuwa gari lililouzwa ghali likiwa jipya huendelea kudai vipuri vya ghali hata thamani yake inaposhuka. Kizazi hiki cha gari, ambacho kiwandani huitwa W221, kilizinduliwa mwaka 2005, na kwa utulivu barabarani na nafasi ya abiria wa nyuma bado ninakihusudu.

Kinachonitia wasiwasi ni mfumo wa Airmatic, ambao hulibeba gari kwa mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma. Mwombe muuzaji aliegeshe gari usiku kucha mahali tambarare, kisha ufike asubuhi kabla halijawashwa, upime kwa vidole nafasi iliyopo kati ya kila tairi na ukingo wa bodi uliopo juu yake. Upande ulioinama huashiria kwamba hewa inavuja, na kompresa inayolazimika kuirudisha kila mara hatimaye huungua. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.

Mimi ningetafuta kwanza Lexus LS 460, yenye injini ya V8 ya lita 4.6, iwapo utaipata ile ya springi za chuma. Bushi zake za mbele, yaani mipira ya kwenye viungio vinavyoshikilia magurudumu, huchakaa, lakini kasoro hiyo fundi mzuri huibaini mapema.