Walimu wa Kanisa wanawake ni wanne

Ndugu, wanawake wapo, tena wanne, kwa hiyo si kweli kwamba cheo cha Mwalimu wa Kanisa, ambacho Kanisa Katoliki humpa mtakatifu kwa ajili ya mafundisho yake, ni cha wanaume watupu. Papa Paulo VI alianza mwaka 1970 na Teresa wa Avila na Katarina wa Siena, Yohane Paulo II akamtangaza Teresia wa Mtoto Yesu 1997, na Benedikto XVI akamtangaza Hildegarda wa Bingen 2012. Huyo Teresia alifariki na miaka 24 tu, chuo kikuu hakukiona, na hapo ndipo nampendea. Kinachoangaliwa ni utakatifu, mafundisho yenye kina yanayolifaa Kanisa zima, kisha tangazo la Papa, wala si shahada. Mimi ni msomaji wa masomo parokiani hapa Dar. Fungua kalenda ya liturujia tarehe 1 Oktoba, mbele ya jina la Teresia wa Mtoto Yesu utakuta “Bikira na Mwalimu wa Kanisa”. Ila usichanganye na Mababa wa Kanisa: hao ni waandishi wa imani wa karne za mwanzo za Ukristo, ingawa wengine, kama Augustino, wamo kote kuwili.