Gari lina msaada wa mlima, mbona bado linarudi nyuma?

Kuna msomaji ameniandikia kwa hasira. Amenunua pikapu ya gia za mkono, na muuzaji alimhakikishia kwamba ina msaada wa kuondokea mlimani, yaani mfumo unaolishikilia gari lisirudi nyuma unapohamisha mguu kutoka breki kwenda mafuta, kwa hiyo hendibreki aisahau kabisa. Siku ya foleni kwenye daraja la juu la Ubungo, pikapu ikarudi nyuma ikagonga pua ya bajaji. Anataka kujua kama mfumo ni mbovu. Kwa maelezo aliyonipa, mfumo ni mzima. Kibovu ni ule ushauri wa hendibreki.

Wengi wanadhani gari limeongezewa breki nyingine. Hakuna. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukumwa kutoka master silinda, yaani pampu kuu ya breki, mpaka kwenye magurudumu. Kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa ghafla, kina valvu zake, na gari likiwa limesimama kwenye mwinamo, valvu hizo hufunga na kuibakiza presha ile hata baada ya mguu kutoka kwenye pedali. Kompyuta inajua gari limeinama kwa kutumia sensa ya mwinamo, inajua umekanyaga klachi kwa swichi iliyo juu ya pedali, na inajua umeweka rivasi kwa swichi ya kwenye giaboksi. Ndiyo maana msaada huu hufanya kazi pia unapopanda kinyumenyume kuingia getini.

Presha ile inashikiliwa kwa takriban sekunde 2. Gari chache hufika 3. Muda ukiisha valvu zinafunguka, uwe umeondoka au hujaondoka. Watengenezaji waliufanya mfupi kwa makusudi, maana presha iliyofungiwa kwenye mabomba si ya kuegeshea gari, na dereva akiuzoea sana mfumo huu anaweza kushuka akaliacha gari halina hendibreki.

Hapo ndipo bajaji ilipogongwa. Dereva anatoa mguu kwenye breki, anaitafuta pedali ya mafuta, anapandisha moto, halafu ndipo anaanza kuinua klachi kutafuta inaposhikia. Sekunde 2 zimeshakwisha zamani. Muda ule ni wa kuhamisha mguu tu. Klachi inatakiwa iwe imeshashika kabla mguu wa kulia haujaondoka kwenye breki.

Fanya hivi. Simama kwa breki ya kukanyaga, na uikanyage kwa nguvu. Usiiguse kwa ncha ya kiatu, kwa sababu mifumo mingi hubakiza presha uliyoweka wewe, na ukiweka kidogo utabakiziwa kidogo. Klachi chini kabisa, gia namba moja. Mguu wa kulia ukiwa bado kwenye breki, inua klachi taratibu mpaka usikie mlio wa injini unazama kidogo na uone boneti inanyanyuka kama inataka kuondoka. Hapo ndipo klachi inaposhikia. Gandisha mguu wa kushoto hapohapo. Sasa hamisha wa kulia kwenda kwenye mafuta kwa mwendo mmoja, bila haraka ya kuruka. Gari la petroli linahitaji mizunguko ya injini kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, na dizeli yenye tabo mara nyingi inatosha 1,200 hadi 1,500. Likianza kusogea, malizia kuachia klachi polepole. Kompyuta ikiona injini inavuta vya kutosha inafungua valvu yenyewe.

Wanaozima gari hapo wana kosa moja karibu wote: gari likianza tu kusogea wanaiachia klachi yote kwa mpigo. Likizima, breki kwanza, kisha klachi, kisha hendibreki, ndipo uwashe. Injini ikiwa imezima, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Usianze kuipampu. Kanyaga mara moja na uishikilie.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawausemi. Mwinamo ukiwa mdogo, mfumo hauamki. Gari nyingi huanza kwenye asilimia 3 hadi 5, na asilimia 5 maana yake ni kupanda mita 5 kwa kila mita 100. Kwa macho sehemu kama hiyo unaiona tambarare, lakini gari lenye mzigo litarudi tu. Kwenye milima mikali, Kitonga au ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, hutakuta tatizo hilo. Utalikuta kwenye viingilio vya madaraja na kwenye miteremko ya kivuko, pale unaposogea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama.

Kwenye baadhi ya Toyota zenye HAC, jina lao la msaada huu wa mlima, kusimama tu hakutoshi. Gari likishasimama kabisa unaongeza kukanyaga breki mpaka usikie mlio mfupi na uone taa ya gari linaloteleza inapepesa. Hukuisikia, basi hujashikiliwa. Kwenye Suzuki Jimny ya kuanzia 2018 huna haja ya kubonyeza chochote, lakini sekunde ni zilezile.

Sasa kama mfumo ulikuwa unashika na umeacha, angalia dashibodi kabla hujaenda kwa fundi. Taa ya ABS au ya kuzuia kuyumba ikiwaka, msaada wa mlima umezimika pamoja nayo, maana ni kifaa kilekile. Mara nyingi chanzo ni sensa ya gurudumu iliyojaa tope au waya wake uliokatika. Kama hakuna taa, mwombe mtu aangalie kwa nyuma kama taa za breki zinawaka wakati unakanyaga breki. Swichi ya taa za breki ikifa, kompyuta haijui kama umekanyaga, na hiyo ni swichi ya bei ndogo kabisa. Halafu swichi ya klachi. Mashine ya kupimia ikionyesha kosa la sensa ya mwinamo, gari liwekwe sehemu iliyo sawa kweli na sensa isetiwe upya. Fundi akikwambia ununue kifaa kizima cha ABS kabla ya kuangalia haya, tafuta fundi mwingine.

Klachi iliyochakaa nayo inauua msaada huu bila kuwasha taa yoyote. Kwenye gari nyingi, pleti ya klachi ikiisha, pedali inashikia juu kabisa, mguu unasafiri safari ndefu, na sekunde 2 hazitoshi tena. Wanaoshikilia gari mlimani kwa kubalansi klachi foleni nzima ndio wanaoifikisha huko haraka. Pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bila kushika, inapata moto, uso wake unang'aa na kuanza kuteleza. Ukisikia harufu kama ya karatasi nzito inayoungua, ujue pesa ndiyo inayoungua. Foleni ikisimama zaidi ya sekunde chache, vuta hendibreki, toa gia, pumzisha mguu.

Subaru za zamani za gia za mkono zina mfumo tofauti ambao mimi naupenda zaidi. Hauna kompyuta. Ni valvu yenye gololi ndani. Gari likiinama pua juu, gololi inabingirika na kuziba njia ya mafuta ya breki wakati klachi imekanyagwa, na waya uliofungwa kwenye klachi unaifungua ukiachia. Wazo ni la kale, Studebaker waliliweka kwenye magari yao mwaka 1936. Uzuri wake hauna sekunde: unashika muda wote klachi ikiwa chini. Kama gari linarudi kidogo kabla ya kuondoka, kaza nati ya waya wa valvu. Kama breki zinang'ang'ania na injini inataka kuzima, ilegeze kidogo kidogo. Robo mzunguko, jaribu mlimani, ongeza tena.

Na hendibreki, ile aliyoambiwa aisahau. Ivute huku ukihesabu milio: gari nyingi ndogo hushika kati ya 5 na 9. Ikifika 12 usikimbilie kukaza waya. Fungua dramu uangalie shu kwanza, zile pedi zinazobana dramu kwa ndani, zisetiwe, ndipo waya ufuate. Ukikaza waya peke yake, shu zinabaki zikisugua dramu njia nzima. Ukimaliza, simamisha gari kwenye mlima mkali kiasi, liwe limebeba watu, toa gia, achia breki polepole huku mguu ukiwa tayari kuikanyaga tena. Likisogea hata kidogo, rudi gereji. Kama unavuta tela, jaribio hilo lifanye tela likiwa limefungwa na lina mzigo.